Blogu ya Mchimba Visima na Mtani Wake

Kazi yangu ni visima vya mvua. Kwa asiyeijua Newala nieleze kidogo. Kwetu huku juu maji yako mbali, mabondeni, na mama zetu waliyafuata huko kwa miguu na kuyapandisha kichwani. Ndiyo maana mtu akishaezeka bati, jambo la pili analolitafuta ni shimo uani: lichimbwe, lijengwe, kuta zipigwe plasta na kusuguliwa niru, uji wa saruji wa kuzuia maji, lifunikwe, kisha gata itoke kwenye bati ipeleke mvua ndani. Shimo hilo ndilo linalonilisha. Nimejenga Newala, nimejenga Kitangari, nimeteremka mpaka Masasi mjini ambako inasemekana kuna bomba.

Kisha yakaja matangi ya plastiki. Tangi linapanda lori asubuhi, jioni limekaa pembeni ya nyumba, jeusi, linang'aa, na mwenye nyumba anapiga nalo picha. Mimi nikifanya kazi, mtu anaona kichwa tu kikichungulia kutoka ardhini. Wateja wakapungua, wakapungua tena, na mke wangu akaanza kunihadithia habari za mikorosho ya kaka yake, jinsi ilivyokosa mtu wa kuipalilia na kuipulizia dawa. Alikuwa anaihadithia kwa upole, wakati wa kula, akiniongezea mboga. Nilimwelewa vizuri sana. Mtu mzima mimi, fundi, niende nikampalilie shemeji!

Ndipo nikaenda semina ya wajasiriamali kule Masasi. Mkufunzi alikuwa kijana mwembamba, suruali imembana mpaka akawa anakaa kwa tahadhari, na alituambia tuache kuuza bidhaa, tujiuze sisi wenyewe. Mama mmoja nyuma yangu, muuza mihogo, akaguna kwa sauti. Kijana akafafanua haraka haraka. Mteja hanunui kisima, anamnunua fundi. Kwa hiyo fundi awe na sura, awe na hadithi, awe na jina linalojulikana, na vyote hivyo vikae mahali pamoja mtandaoni, kwenye blogu, ambayo itamtafutia wateja hata akiwa amelala. Hilo la kutafutiwa wateja nikiwa nimelala ndilo lililonigusa.

Nyumbani mke wangu alinisikiliza mpaka mwisho. "Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza," akasema, akaendelea kuchambua mchele.

Nikamwambia methali hiyo ilitungwa kabla ya matangi ya plastiki.

Blogu yenyewe ilitengenezwa na binti yangu, mwalimu, alipokuja likizo kutoka Mtwara. Alichukua kiolezo cha bure kilichokuja na picha ya mama wa Kizungu anakunywa kahawa na kucheka peke yake. Tukamtoa, tukaniweka mimi. Nilipiga picha nimevaa suti niliyoolea, nimesimama kando ya shimo jipya, koleo mkononi, sura nimeikaza kama alivyofundisha kijana wa semina, kwamba mteja aone umakini. Mke wangu alipoiona alisema nafanana na mtu anayesubiri maiti iletwe. Picha tuliibadilisha.

Kazi ngumu kuliko zote ilikuwa ukurasa wa Kuhusu Mimi. Kuta za kisima nazijua, lakini kukaa kwenye kiti na kusema mimi ni hodari, mimi ni mwaminifu, hapana. Kwetu watu wanakusemea. Ukijisemea mwenyewe wanakutazama miguuni kuona kama umevaa viatu sawasawa. Binti yangu akaona tutakesha, akaandika mwenyewe: "Mtaalamu mbobezi wa masuluhisho endelevu ya maji ya kaya." Niliposoma nikatamani sana kukutana na huyo bwana.

Ukabaki ukurasa mmoja, Wateja Wanasema. Kiolezo kilikuwa kimejaza pale maneno ya kigeni, na binti akasema ni ya kushikia nafasi tu, nikipata mteja wa kunisifu niyafute niweke ya kwake. Jirani yangu aliyewahi kusoma seminari aliyatazama akasema ni Kilatini, ila kimevurugika. Binti akarudi Mtwara, na Kilatini kile kikaendelea kunisifu kwa muda.

Kila jioni nilifungua kuangalia wageni waliotembelea. Walikuwa mimi na binti yangu.

Sasa nimlete mtani wangu. Ni Myao wa Masasi, mjane, anauza vitenge, na mdomo wake hauna breki. Mimi Mmakonde na yeye Myao tumetukanana tangu ujana wetu na hatujagombana hata mara moja. Baina yetu hakuna habari ya asubuhi wala ya jioni, salamu yetu ni tusi. Nilipooa alikuja kuwapa pole wazazi wa mke wangu, tena akalia machozi ya kweli. Kisima chake nilimjengea mimi, uani kwake, na siku niliyomaliza aliuliza kama hilo ni kisima au ni mahali nilipoangukia.

Huyu ndiye aliyekuwa mgeni wa kwanza kuandika maoni kwenye blogu yangu. Aliandika kwa herufi kubwa tupu, kwa sababu ndivyo anavyoongea:

"HUYU MMAKONDE NAMFAHAMU. ALIINGIA UANI KWANGU ANAFUKUZA PANYA WA KITOWEO. PANYA AKAZIDI KUINGIA CHINI, NA YEYE AKAZIDI KUCHIMBA. ALIPOMKOSA AKASEMA HIKI NI KISIMA."

Kabla sijamaliza kucheka likaja la pili:

"KILIPOKWISHA AKASHINDWA KUTOKA. TULIMVUTA KWA KAMBA. NA KISIMA CHENYEWE KINAVUJA, NA MAJI YAKE YANA LADHA YA MMAKONDE."

Siku iliyofuata habari zilikuwa zimeenea. Wamakua nao ni watani zetu, na Mmakua hapitwi na jambo kama hilo. Mwalimu mmoja wa Chidya akaandika, kwa Kiswahili safi cha darasani, kwamba yeye ni shahidi, alikuwepo, na kwamba kwa haki kabisa fundi wa kisima kile ni yule panya. Mwingine akauliza kama naweza kumchimbia choo, maana ameambiwa nikishika koleo sijui kuacha. Nami nikajibu. Nikasema Myao hata akitumbukia kisimani haachi kuongea, maji yatamsubiri amalize sentensi. Wageni wa blogu wakawa wengi, na kijana wa semina alikuwa ametuambia wageni wengi ndiyo afya ya blogu. Nikajiona mzima wa afya.

Basi nikafungua ule ukurasa wa Wateja Wanasema, nikafuta Kilatini, nikaweka maneno ya mtani wangu yote, pamoja na panya.

Msinicheke bado. Fikirieni harusi ya kwetu. Bwana harusi ambaye watani hawakuja kumtukana, hawakumnyang'anya kofia, hawakusema mkewe amepotea njia, watu wanamhurumia. Wanajiuliza mtu huyu ameishi na nani. Mimi nilikuwa na Myao aliyeacha vitenge vyake akakaa kunitukana mchana kutwa mbele ya dunia nzima. Ushuhuda gani tena mnautaka?

Binti yangu alipiga simu. "Baba, umeweka nini pale?"

"Maneno ya mteja."

Alicheka mpaka simu ikakatika. Alipopiga tena alisema kwa sauti ya ualimu niyatoe. Nikamwambia nimtoe Myao halafu nimweke nani, Kilatini?

Kisha ikapigwa simu niliyokuwa nimeiota. Alikuwa mwenyekiti wa kamati ya ujenzi ya shule moja ya wasichana iliyo njia ya Ndanda, mama wa Kipare aliyefuatana na mumewe huku kusini kikazi na hakuondoka tena. Walikuwa wanajenga bweni, na uani mwa bweni walitaka kisima kikubwa cha mvua, kikubwa kuliko vyote nilivyowahi kujenga. Kazi hiyo ingenibeba mpaka mvua zianze, na shule nyingine zingekuja kuitazama. Nikiikosa, koleo naliweka chini na mikorosho ya shemeji naipalilia mimi. Hakukuwa na njia ya tatu, na nyumbani sote wawili tulilijua hilo.

"Habari za kazi, fundi," akasema. "Picha za visima vyako kamati imezipenda sana."

"Asante, mama."

"Lakini tumesoma na ule ukurasa wa wateja."

"Mmeusoma?" nikasema, nimefurahi kama mjinga.

"Fundi, mteja wako anasema kisima kinavuja."

"Aa, mama, huyo ni mtani wangu. Myao huyo."

"Nilihisi hivyo. Mimi Mpare, nina watani wa kutosha hata kukugawia. Kwa hiyo maneno yale yote ni utani?"

"Yote kabisa."

"Hata lile la kuvutwa kwa kamba?"

"Hilo la kamba, mama, ni kweli."

"Sasa unaona," akasema mama wa Kipare, bila ukali. "Kama la kamba ni kweli, mimi nitajuaje kwamba la kuvuja ni utani? Maji haya watakunywa watoto wa watu. Wenzangu kwenye kamati wameshasema tununue matangi ya plastiki tumalize. Nitafutie mteja huyo aseme sentensi moja iliyonyooka, mimi nitaipeleka kwenye kikao cha Ijumaa."

Nikateremka Masasi siku ile ile. Njiani nilikuwa nimepanga maneno, na nilipofika kwa mtani wangu nikafanya ambalo sijawahi kulifanya tangu tujuane. Nilisimama mlangoni, nikavua kofia. "Habari za hapa, mama," nikasema. "Poleni na kazi."

Kitenge kikamponyoka mkononi. "Nani amekufa?"

Ilinichukua muda kumtuliza. Nikamweleza shule, kamati, kikao, matangi ya plastiki. Nikamwomba aandike kwenye blogu kwamba kisima ni kizima na fundi ni mzuri.

"Mimi?"

"Wewe ndiye mteja."

"Niandike fundi mzuri, Mmakonde? Na wale Wamakua wasome?"

"Wasome."

Akacheka, akakiokota kitenge chake, akasema niende nyumbani nikalale, jua limeniingia. Nikakasirika. Mimi hasira zangu ziko karibu, mke wangu husema zinakaa barazani. Nikamwambia utani una mahali pake, na kuna watu wanaishi kwa jasho lao, si kwa kukaa wakipima vitenge na kupiga domo. Akaacha kucheka. Alikunja kile kitenge polepole, akakikunja tena, akakiweka juu ya vingine na kukisawazisha kwa kiganja.

"Kuandika siandiki," akasema mwisho. "Mtani haandikiwi hivyo. Lakini mlete huyo mama wa Kipare hapa. Mlete aone kisima."

Mama wa Kipare alikuja Alhamisi, jua la Oktoba limewaka, na bomba la mtaa ule lilikuwa halijatoa kitu kwa siku nyingi. Nilimpokea barabarani nikamwongoza hadi nyumbani kwa mtani wangu. Myao alimpokea kwa heshima zote. Akamwekea kiti, akatandika kitenge kipya juu yake. "Karibu dada yangu, pole na safari," akasema, kisha akaninyooshea kidole. "Na huyu umemwokota wapi?"

"Amenileta yeye."

"Basi pole mara mbili."

Tukaenda uani. Alifunua kisima mwenyewe, akateremsha ndoo, akaivuta, akachota kikombe akanywa kwanza yeye, kisha akachota kingine akampa mgeni. Wakati huo huo akinamama wa jirani walikuwa wanaingia na ndoo zao, wanasalimia, wanachota, wanakwenda, bila kumwomba mtu ruhusa. Mama wa Kipare akawatazama, akawasha tochi ya simu akainama kuchungulia ndani. Nikaona anazimulika kuta taratibu, kona kwa kona.

"Wewe uliandika kinavuja," akasema akiinuka.

"Kinavuja sana, dada. Tangu bomba lianze kukauka kinavuja tu. Kinavujia nyumba ile, na ile, na ile ya mwenye bati jekundu. Nimeshindwa kukiziba." Kisha akamweleza mwanzo wa kisima, yule panya na ukubwa wake, na panya wakati huu alikuwa amenenepa kuliko alivyokuwa kwenye blogu. Mama wa Kipare alicheka mpaka akashika kiuno, na mimi nikaanza kupumua.

Lakini alipomaliza kucheka alifuta macho, akamshika mtani wangu mkono. "Mama, nimecheka kweli kweli. Kamati yangu haitacheka. Mimi nitakuwa na watoto wa watu mle bwenini. Niambie bila utani. Nimpe huyu mtu kazi?"

Mtani wangu akafungua mdomo. Nikajua linakuja jingine la panya, na safari hii litanimaliza. Halikuja. Akanigeukia mimi.

"Wewe, ondoka hapa."

"Niende wapi?"

"Barabarani. Nenda mpaka barabarani, na usigeuke."

Nikaenda, nifanyeje. Nikasimama kando ya barabara kama mtu anayengoja gari, na nikageuka, bila shaka nikageuka. Niliwaona wote wawili wamekaa kwenye ukingo wa kisima. Mtani wangu alikuwa anaongea, na kilichonishtua ni mikono yake. Kwa kawaida Myao yule huongea na mikono yote miwili, ukikaa karibu unaweza kupigwa. Siku hiyo mikono ilikuwa mapajani, imetulia. Aliongea kwa muda mrefu. Mama wa Kipare alikuwa ameinamisha kichwa anasikiliza, na mara moja akainua uso akanitazama kule barabarani, akauinamisha tena.

Nikaona bora nikague gata ya upande wa mbele, isije ikawa imelegea. Sikuwa nimefika hata kwenye kona ya nyumba nilipopigwa na kandambili ya Myao.

Walipotoka, mama wa Kipare hakuniita fundi. "Twende, kaka," akasema. Tukatembea mpaka alipoliacha gari lake. "Jumatatu uje upime eneo. Kamati niachie mimi."

"Amesema nini, mama?"

"Ameniapisha," akasema, akafunga mlango.

Jioni blogu ilipata maoni mapya: "LEO NIMEMUONA MMAKONDE ANATEMBEA MJINI NA MAMA WA WATU MWENYE HESHIMA ZAKE. ANAYEMJUA MUME WA HUYO MAMA AMTAARIFU." Mwalimu wa Chidya akaandika kwamba ataandika barua rasmi. Niliyaacha yote pale pale, na kwenye ukurasa wa wateja nikaongeza mstari mmoja tu chini kwa ajili ya wageni wa mbali, kwamba msemaji ni mtani wa fundi. Binti yangu alisema kidogo kuna nafuu.

Kazi nilipewa. Nilichimba kisima kile chote mpaka vidole vikaota sugu juu ya sugu, na siku mama wa Kipare alipokuja kukagua niru nilikuwa chini kabisa, yeye amesimama ukingoni. Nikaona hapa hana pa kukimbilia. Nikamwomba neno moja tu, la mwanzo au la mwisho, achague mwenyewe. Akanitazama kule chini, akasema mvua ziko karibu, nimalizie kona ile ya kushoto.

Nilimaliza, mvua zikaja, kisima kikajaa. Ndipo nikaenda Masasi kwa Myao mwenyewe. Sikumsalimia vizuri safari hii, nilimwambia vitenge vyake vimepauka kama sura yake, akafurahi akanipa kiti. Nikamwambia ukweli: nimeijaza blogu maneno juu yangu, ya binti yangu, ya Wamakua, yake yeye, na yale yaliyonipa kazi ndiyo pekee ambayo sijayasikia. Nikamwambia inaniuma.

Akafikiri. Akasema atayasema, hana kinyongo. Atayasema siku ya maziko yangu, mbele ya Wamakonde, Wayao na Wamakua wote, neno kwa neno kama alivyoyasema siku ile, na mpaka siku hiyo nisimsumbue.

Tangu hapo namwombea Myao yule umri mrefu kuliko wangu. Sijamwambia.